Nani asikie motorola ya polisi na ya pompiye?

Kabla simu za mkononi hazijaenea, Kivu yetu, mashariki mwa Kongo, ilisikilizana kwa foni, yaani redio ya mawimbi mafupi. Parokia ilikuwa nayo, wanunuzi wa madini walikuwa nayo, kampuni za ndege ndogo vilevile. Kifaa kilikaa mezani, kimeunganishwa na betri ya gari, na waya wa antena ukavutwa nje kati ya miti miwili. Mwendeshaji alibonyeza maikrofoni, akataja kituo chake, akaachia, akasubiri. Mawimbi mafupi yaligonga tabaka la juu la anga yakarudi chini mamia ya kilomita mbali, kwa hiyo Goma ilizungumza na Walikale au Kisangani bila mnara hata mmoja katikati. Na kila aliyekuwa kwenye masafa hayo alisikia yote: msiba, ndege iliyochelewa, bei ya kasiterite, madini ya bati. Ndiyo maana wafanyabiashara waliingia kwenye mafumbo mara tu fedha zilipotajwa.

Mawasiliano ya wazi, basi, si kitu kigeni kwetu. Tunajua yalivyotufaa na tunajua yalivyotuponza. Nayakumbusha kwa sababu kuna mjadala mkali unaoendelea nchi za mbali, na siku moja utatufikia ukiwa ndani ya boksi la vifaa vipya: je, redio za polisi na zimamoto zisimbwe kwa siri ili asisikie mtu mwingine, au ziachwe wazi raia atege sikio akitaka? Msimamo wangu nausema mapema. Polisi wana sababu za kweli za kufunga baadhi ya chaneli zao. Pompiye, yaani wazima moto, karibu hawana. Na mji kama Goma una kazi nyingine ya kufanya kabla ya yote mawili.

Mwanzo ulikuwa wazi

Polisi wa Detroit, Marekani, walianza majaribio ya redio miaka ya 1920 kwa kituo kilichoitwa KOP. Leseni waliyopewa ilikuwa ya kituo cha burudani, kwa hiyo iliwabidi wapige muziki kati ya taarifa za magari yaliyoibwa. Mwaka 1928 huduma ikasimama sawasawa, ila gari lilisikia tu bila kuweza kujibu. Askari alipotaka kuongea alitafuta simu. Mazungumzo ya pande mbili yalianza mwaka 1933 katika mji wa Bayonne, New Jersey. Masafa ya wakati huo yalikuwa jirani kabisa na yale ya redio za nyumbani, na watu wakayasikiliza sebuleni baada ya chakula cha jioni.

Baadaye ikaja skana, redio inayopita chaneli moja baada ya nyingine na kusimama pale inapokuta sauti. Waandishi wa habari waliiweka mezani ofisini, wazima moto wa kujitolea jikoni, wenye magari ya kuvuta ajali barabarani. Sheria ya Marekani iliwaruhusu. Uingereza, Sheria ya Redio ya mwaka 2006 inakataza kusikiliza mawasiliano ambayo hayakukusudiwa kwako. Kwa hiyo jambo ambalo Marekani ni starehe ya mzee aliyestaafu, Uingereza ni kosa. Kisha intaneti ikahamisha skana kutoka kwenye kifaa cha wachache: tovuti ya Broadcastify ikaanza kurusha mawasiliano hayo moja kwa moja, na mwizi akaweza kuyasikiliza kwenye simu akiwa ndani ya duka analoliiba. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, hesabu ya polisi ilipobadilika.

Denver ikafunga mwaka 2019. Chicago ikafuata mwaka 2022. New York ilianza Julai 2023 katika vituo vya Brooklyn, ndani ya mradi wa redio uliokadiriwa kugharimu dola milioni 390. Mji mdogo wa Palo Alto, California, ulifunga mwaka 2021, wakazi na madiwani wakalalamika, mwaka uliofuata ukafungua tena. Hilo la Palo Alto nalipenda kulitaja, kwa kuwa wengi huzungumza kana kwamba mlango ukishafungwa haufunguki.

Dijitali si siri

Mjadala huu unavurugika kwa sababu mambo kadhaa yanatupwa kwenye kapu moja. Tuyatenganishe taratibu, maana hapa ndipo wanunuzi wanapoibiwa.

Chukua motorola ya kawaida, redio ya mkononi, ile ya walinzi wa hoteli au wasimamizi wa eneo la ujenzi. Nyingi ni za analogi: sauti inapanda moja kwa moja juu ya wimbi, na yeyote mwenye redio nyingine kwenye masafa hayohayo anaisikia. Ndani ya menyu yake kuna kitu kinachoitwa kodi (code) ya faragha. Wengi wakishaiwasha wanaamini wamejificha. Hawajajificha. Ile ni toni ya chini inayosafiri pamoja na sauti, na kazi yake ni kuinyamazisha spika yako hadi isikie toni hiyohiyo, ili usisumbuliwe na wengine. Wewe huwasikii wao, lakini wao, wakizima kodi upande wao, wanakusikia neno kwa neno.

Redio ya dijitali inageuza sauti kuwa namba kabla ya kuirusha. Kwa skana ya zamani inasikika mkwaruzo mtupu, na muuzaji atakuonyesha huo kwa fahari. Lakini namba hizo zinapangwa kwa utaratibu uliochapishwa wazi: P25 kwa Wamarekani, TETRA kwa Wazungu wa Ulaya, DMR kwa makampuni ya kila aina. Utaratibu ukishajulikana, kifaa kingine kinaweza kuzirudisha kuwa sauti. Mwaka 2012 wapenda redio waligundua kwamba kijiti cha USB cha kupokelea televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kugeuzwa kuwa kipokezi cha masafa mapana. Ukiwa na kijiti hicho cha dola chache, kompyuta ya kawaida na programu ya bure, unasikia redio ya dijitali ambayo haikusimbwa.

Kuna pia mfumo wa kugawana chaneli, ambapo kompyuta ya kituo ndiyo inayoamua kila mazungumzo yapite masafa gani, na inayahamisha kila mara. Msikilizaji wa skana ya zamani anapata nusu sentensi kisha anapotezwa. Huo nao si usiri, ni namna ya kubana matumizi ya masafa, na skana za kisasa zinafuata mazungumzo popote yanapohamia.

Usimbaji ni jambo la nne, tofauti na hayo yote. Zile namba za sauti zinachanganywa na mfululizo mwingine wa namba unaozalishwa na ufunguo wa siri ulio ndani ya redio ya mtumaji na ya mpokeaji. Kwa njia ya AES, ambayo utaratibu wake umechapishwa wazi, yenye ufunguo wa biti 256, asiye na ufunguo hapati kitu, hata awe na kompyuta ya namna gani leo. Hata hivyo usimbaji hauifichi redio yenyewe. Mwenye antena ya kuelekeza bado anajua kwamba mtu anarusha mawimbi, na yuko upande gani. Katika mji uliokaa na vita kama wetu, hilo si jambo dogo.

Na kufuli si zote sawa. Mwaka 2023 watafiti wa Kiholanzi wa kampuni ya Midnight Blue walichapisha walichokikuta ndani ya TETRA. Mfumo huo una algorithimu, yaani kanuni za kuchanganya namba, kadhaa za usimbaji. Ile iitwayo TEA2 ilitengwa kwa ajili ya vyombo vya usalama vya Ulaya. TEA1 iliruhusiwa kuuzwa nje. Ufunguo wa TEA1 ulitangazwa kuwa wa biti 80, lakini ndani yake kulikuwa na hatua inayoupunguza hadi biti 32, kiasi ambacho kompyuta ya kawaida inakikisia mpaka kipatikane. Algorithimu hizo zilifichwa tangu miaka ya 1990, kwa hiyo aliyenunua hakuwa na njia ya kuzipima. Miaka zaidi ya ishirini, watu walizungumza wakidhani wamejifungia ndani. Ningependa kila ofisi ya Afrika inayotaka kununua redio za siri isome habari hiyo kabla ya kutia sahihi, kwa kuwa sisi ndio "nje" inayouziwa.

Wanachokitaka polisi, na kinachopotea

Polisi wanaotaka kufunga hawasemi upuuzi. Askari akisimamisha gari huita kituo na kutaja jina la dereva, tarehe ya kuzaliwa, anwani, na kama aliwahi kufungwa. Mama aliyepigwa na mumewe anatajwa kwa mtaa na namba ya nyumba. Mtoto aliyebakwa anatajwa. Yote hayo yalikuwa yakipita hewani. Oktoba 2020 wizara ya sheria ya California iliwaandikia polisi wa jimbo hilo kwamba taarifa za namna hiyo zilindwe, ama kwa kusimba, ama kwa kubadili utaratibu ili zisitajwe hewani. Idara nyingi zikachagua kusimba kila kitu. Palo Alto walipofungua tena walichukua njia ya pili: chaneli ya kawaida ikabaki wazi, majina yakahamia kwenye simu na kompyuta za magari. Waraka uliokuwa umetoa njia mbili ukasomwa na wengi kana kwamba una moja.

Kuna pia hatari ya umati. Aprili 2013, baada ya mabomu ya mbio za Boston, maelfu ya watu walisikiliza skana kwa intaneti wakati polisi wakiwasaka washukiwa. Maneno ya nusunusu yakageuzwa kuwa habari kamili, watu wasiohusika wakatajwa mitandaoni kuwa magaidi, na polisi wakaomba watu waache kutangaza askari wako wapi. Kinachosikika kwenye redio ya polisi ni dhana ya kwanza ya mtu aliye na haraka, na mara nyingi si kweli. Sisi wa makundi ya WhatsApp ya Goma hatuhitaji kufundishwa jinsi sauti ya sekunde kumi inavyoweza kuwatoa watu kwenye nyumba zao usiku.

Lakini chaneli ikifungwa, polisi wanabaki wasimulizi pekee wa kazi yao wenyewe. Waandishi wa New York wanaopinga usimbaji hukumbusha kifo cha Eric Garner mwaka 2014: mwandishi alifika haraka Staten Island kwa sababu ya redio, na video iliyoonyesha askari akimkaba ikapatikana. Bila hivyo kungebaki taarifa ya polisi peke yake.

Chicago ilijaribu njia ya kati: sauti inatolewa hadharani baada ya dakika 30. Kwa mwanasheria anayechunguza tukio mwezi mmoja baadaye, hilo linatosha, mradi sauti haijakatwa. Kwa mpiga picha ni kazi bure, ameshakuta barabara imefagiwa. Kwa jirani anayetaka kujua kama risasi zinazosikika ziko avenyu yake, dakika 30 ni sawa na kutoambiwa kitu.

Moto hauna jina la kuficha

Hoja zote za polisi, ziweke sasa mdomoni mwa pompiye, uone zinavyokosa pa kukaa. Moto hausikilizi skana ili ukimbie. Mazungumzo ya wazima moto ni avenyu gani, nyumba ya mbao au ya matofali, maji yako wapi, nani amenaswa ndani, upepo unaelekea wapi. La siri ni jina na hali ya mgonjwa, na hilo laweza kupita kwenye simu.

Tazama moto wa Birere, mtaa wa Goma. Nyumba za mbao zimebanana, bati la huyu limelala juu ya bati la yule, na njia ni ya mtu mmoja aliyejipinda. Gari la zimamoto haliingii. Linabaki barabarani likivuta mpira. Kabla halijafika, vijana wameshaanza kubomoa mbao za nyumba ya pili ili kuukatia moto njia, akina mama wamepanga mstari wa mabeseni, na chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, zinashuka na bido za maji. Hao ndio zimamoto wa kwanza wa mji huu, siku zote. Wangeweza kusikia kwamba gari linatokea upande gani wangelifungulia njia, na wangejua nyumba ipi ya kubomoa.

Wazima moto wenyewe nao wanaumia kwa mawasiliano yasiyokutana. Septemba 11, 2001, helikopta ya polisi wa New York iliona kwamba mnara uliobaki baada ya wa kwanza kuanguka hautasimama, ikaonya. Onyo likapita redio za polisi. Pompiye waliokuwa ndani ya mnara walikuwa kwenye redio nyingine, na wengi hawakulisikia. Watu 343 wa idara ya zimamoto walikufa siku ile. Hapakuwa na usimbaji katika kisa hicho, ila usimbaji unaongeza ukuta wa namna ileile: anayekuja kusaidia lazima awe na ufunguo uleule, uliowekwa kabla. Hapa kwetu moto mkubwa uliwahi kuwakutanisha pompiye wa meri (ofisi ya mji), wa uwanja wa ndege, Msalaba Mwekundu, na kuna nyakati magari ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, yaliitwa. Kila mmoja na redio yake. Ukiwapa wa meri redio zilizosimbwa bila kuwafikiria wengine, umewatenga na wasaidizi wao saa ileile wanapowahitaji.

Goma haijanyimwa skana, imenyimwa onyo

Hapa lazima nitofautishe kusikia na kuambiwa, maana wanaotetea skana mara nyingi hupita juu yake haraka.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, jioni, mlima wa volkano wa Nyiragongo ulipasuka. Watu wa Goma walijua kwa macho: anga lilikuwa jekundu. Hakuna onyo rasmi lililotangulia. Wengine wakakimbilia mpaka wa Gisenyi, wengine mji wa Sake, watoto wakapotezana na wazazi barabarani. Lava ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ikaendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi akaamuru kartie 10 kati ya 18 za mji zihamwe. Kati ya siku hizo mbili, mji uliishi kwa uvumi: gesi ya ziwa italipuka, maji yana sumu, lava inatokea chini ya nyumba.

Je, skana ingetusaidia usiku ule? Kidogo sana. Redio iliyo wazi inakusikilizisha wale wenye la kusema. Pale ambapo ofisi yenyewe haijui, au inajua lakini haijaamua kusema, chaneli iliyo wazi inatoa kimya. Mwaka 2002 lava ilipopita katikati ya mji, watu walikufa pia kwa mlipuko wa kituo cha mafuta walikokwenda kuchota petroli wakati lava ingali ya moto. Waliohitaji kusikia "msikaribie pale" walihitaji sauti iliyoelekezwa kwao, kwa lugha yao, kwenye redio ya FM, kengele ya kanisa, kipaza sauti cha msikiti na megafoni ya mkuu wa avenyu.

Kwa hiyo simshauri mtu wa Goma anunue motorola ya Kichina akae akiwindia polisi. Katika mji ambao umepita mikononi mwa wenye silaha mbalimbali, mtu akikutwa na redio ya mkononi isiyo na karatasi anaitwa mpelelezi kabla hajafungua mdomo. Sheria nayo haiko upande wake: masafa yanatumiwa kwa kibali, na sheria ya mawasiliano Na. 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 inalinda usiri wa mawasiliano. Katiba ya 2006 yenyewe imebeba mvutano wote huu: kifungu cha 24 kinampa kila mtu haki ya kupata habari, kifungu cha 31 kinalinda siri ya mawasiliano yake. Redio za vita ni jambo jingine kabisa. Hizo zikivuja watu wanakufa, na sizizungumzii.

Nazungumzia huduma za raia, na siku meri au mfadhili atakapoleta redio mpya kwa ajili yao. Chaneli ya pompiye ibaki wazi, na redio za mtaa ziruhusiwe kwa maandishi kuirusha wakati wa moto na wa mlima. Chaneli ya polisi ya kupokea miito ya kawaida ibaki wazi pia, majina yapite kwenye simu. Zile za upelelezi na za kuokoa mateka zisimbwe, tena kwa AES, si kwa algorithimu ya siri ambayo muuzaji anaomba tumwamini tu. Ijulikane ni ofisa gani anayeshika funguo, zinabadilishwa lini, na redio ikipotea nani anaizima kutoka mbali. Na kila kinachosemwa kwenye chaneli zilizofungwa kirekodiwe. Rekodi zikae muda gani, nani azitunze nje ya polisi wenyewe, na mama ambaye mwanawe amekufa mikononi mwa askari aziombe wapi: hayo yaandikwe kwenye mkataba uleule wa kununua vifaa, kabla ya malipo ya kwanza kutoka.